Yakuti Pana: Jinsi Kito Kinavyogeuzwa Dirisha

Kiswahili kina jina moja, yakuti, kwa vito viwili ambavyo masonara wa lugha nyingine huviita kwa majina mawili yasiyofanana hata kidogo. Sisi tunasema yakuti nyekundu na yakuti samawi, basi. Wanakemia walipokuja kuvipima walikuta jina moja linatosha: vyote viwili ni kitu kile kile, atomu mbili za alumini kwa kila atomu tatu za oksijeni, zimejipanga safu juu ya safu. Kromi kidogo ikiingia humo, jiwe linakuwa jekundu. Ikiingia chuma na titani, linakuwa la buluu. Kisipoingia chochote, yakuti haina rangi kabisa, na ukiishika utaidhani glasi, ila ni nzito zaidi na inatia baridi kiganjani.

Hiyo isiyo na rangi ndiyo mada yetu. Inafunika nyuso za saa za bei ghali, inakinga kamera za simu, na kila mwaka mamilioni ya sahani zake nyembamba hutumika kama msingi wa kuoteshea taa za LED. Katika ukubwa huo, yakuti ni bidhaa ya kawaida ya viwandani. Taabu inaanza mtu anapotaka bamba lenye upana wa kioo cha gari. Hapo wateja wanabaki wachache, na kila hatua ya kazi inageuka kuwa mgogoro na jambo lile lile lililowafanya waitake yakuti: ugumu wake.

Kazi ya kuiharibu risasi

Kile tunachokiita kioo kisichopitisha risasi kimepewa jina la kujisifu. Hakuna kioo kisichopenyeka. Swali ni risasi ya aina gani, na imepiga mara ngapi. Kwa kawaida ni matabaka ya glasi yaliyounganishwa kwa plastiki laini, na nyuma kabisa pana bamba la polikaboneti, plastiki ngumu, la kudaka vipande visimrukie aliyeketi ndani. Risasi yenye kiini laini, cha ile metali iitwayo pia risasi, ikigonga hapo inabanjika, nguvu yake inasambaa, mambo yanaishia hapo.

Risasi iliyotengenezwa kupenya deraya ni habari nyingine. Ndani yake kuna kiini cha chuma kilichotiwa ugumu, au cha kabidi ya tungsteni. Kiini hicho ni kigumu kuliko glasi, kwa hiyo hupita matabaka karibu kikiwa kizima, kama msumari kwenye sabuni. Dawa pekee ya glasi ni unene. Piga hesabu: glasi ina kilo 2,500 kwa mita ya ujazo, hivyo ukuta wa glasi wa sentimita 8 unabeba kilo 200 kwa kila mita moja ya mraba. Weka vioo hivyo kuzunguka gari zima, halafu ulize injini, breki na bawaba za milango zinaonaje.

Yakuti inabadilisha mbinu. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs ina 9, na almasi ndiyo yenye 10. Kwa kipimo cha Knoop, ambacho hubonyeza ncha ya almasi juu ya kitu na kupima alama inayobaki, yakuti hufika karibu 2,000 wakati glasi ya dirisha iko karibu 500. Kiini cha risasi kinapoigonga, kwa mara ya kwanza kinakutana na kitu kigumu kuliko chenyewe. Ncha yake inavunjika na kumomonyoka katika sehemu chache tu za milioni za sekunde. Yakuti nayo inapasuka, tena vibaya, lakini kazi yake imeshafanyika: kilichobaki ni vigae vya chuma vilivyopoteza umbo, na glasi na polikaboneti za nyuma zinaweza kuvidaka. Kwa maneno mengine, bamba la mbele halipo pale kuizuia risasi. Lipo kuiharibu.

Ndiyo maana milimita chache za yakuti, ingawa yenyewe ni nzito kuliko glasi kwa ujazo ule ule, huweza kupunguza uzito na unene wa deraya nzima kwa takriban nusu.

Upande wa madirisha ya vifaa vya kuonea, sababu ni nyingine kidogo. Yakuti hupitisha nuru kuanzia ultravioleti, ikapita ile tunayoiona, hadi kwenye infraredi ya mikromita 5 hivi. Kamera za joto zinazotumia mawimbi ya mikromita 3 hadi 5 zinaona kupitia kwake bila shida. Zile za mikromita 8 hadi 12 hazioni chochote. Kwao yakuti ni ukuta, na wenye kamera hizo hutumia gerimani au salfaidi ya zinki. Lakini gerimani haivumilii mchanga na matone ya mvua kwa kasi ya ndege kama yakuti inavyovumilia. Ndege ya kivita F-35 imebeba mfumo wake wa kulenga shabaha chini ya pua, nyuma ya vipande bapa vya yakuti vilivyounganishwa pembe kwa pembe kama kito kilichochongwa.

Kwa nini lazima iwe fuwele moja

Hapa pana swali ambalo watu wengi hulipita. Oksidi ya alumini si adimu. Ni unga mweupe unaotoka kwenye boksiti, na hutengenezwa kwa mamilioni ya tani kila mwaka. Kwa nini basi usiushindilie kwenye kalibu, uuchome kama mfinyanzi achomavyo chungu, ukapata bamba la ukubwa wowote?

Unaweza, na utapata kauri nzuri sana, ngumu sana, nyeupe kama maziwa. Tatizo ni kwamba kauri hiyo ni punje nyingi zilizoshikana, kila moja imeelekea upande wake, na yakuti ina tabia ya kupinda nuru kwa kiasi tofauti kulingana na mwelekeo. Mwali unaotoka punje moja kuingia nyingine hupindishwa kidogo, kisha tena, kisha tena, mpaka unapotea njia. Mirija ya taa za barabarani za sodiamu, zile za mwanga wa chungwa, ni kauri ya namna hii: nuru inatoka, lakini huwezi kuona kilicho ndani.

Ili uone moja kwa moja, bamba zima lazima liwe punje moja. Fuwele moja, kutoka kona hadi kona, bila safu hata moja ya atomu kubadili mwelekeo. Na fuwele haichomwi. Huoteshwa.

Tanuru isiyo na haraka

Wa kwanza kuifanya hii kuwa biashara alikuwa Mfaransa Auguste Verneuil, aliyetangaza njia yake mwaka 1902. Unga wa alumina, yaani ile oksidi ya alumini, unadondoka kupitia mwali wa oksijeni na hidrojeni, unayeyuka njiani, unatua juu ya kijiti na kuganda tone juu ya tone hadi kinatokea kibonge chenye umbo la pea. Saa za mkononi zilipata mawe yake ya ekseli hivyo, na vito vya bei rahisi pia. Lakini kibonge hicho kimejaa mkazo wa ndani na ni kidogo. Dirisha halitoki humo.

Ili fuwele kubwa ikue, ilibidi kwanza kuwe na chungu cha kuyeyushia. Alumina huyeyuka kwenye nyuzijoto 2,050 hivi za Selsiasi. Chuma kimeyeyuka zamani kabla ya hapo, kwenye 1,538. Hata platini huishia 1,768. Vinavyobaki ni iridi, ambayo bei yake inatisha, na tungsteni na molibdeni, ambazo zinavumilia joto lakini zikikutana na hewa katika joto hilo zinaungua. Kwa hiyo tanuru nzima hufungwa, hewa ikanyonywa au ikawekwa gesi ya argoni.

Kisha ndipo njia zikatofautiana, na mimi naona tofauti zao zote zinarudi kwenye swali moja tu: joto liondokee wapi? Fuwele hukua pale joto linapoondoka. Likiondoka kwa utaratibu kutoka upande mmoja, atomu zinapata nafasi ya kujipanga. Likiondoka ovyo, zinapangika ovyo.

Spyro Kyropoulos, aliyefanya kazi Göttingen nchini Ujerumani, alitangaza mwaka 1926 njia ya kugusisha mbegu baridi, yaani kipande kidogo cha fuwele, juu ya kiowevu na kupunguza joto polepole, fuwele ikikua kuelekea chini ndani ya chungu chenyewe. Hakuwa akifikiria yakuti. Alikuwa na chumvi za maabara. Leo njia yake ndiyo hutoa mabonge makubwa kupita yote, ya mamia ya kilo. Huko Marekani, Fred Schmid na Dennis Viechnicki, katika maabara ya jeshi huko Watertown, Massachusetts, waligeuza mambo juu chini mwishoni mwa miaka ya 1960: mbegu iko chini ya chungu, na gesi ya heli hupulizwa chini yake kubeba joto. Lengo lao tangu siku ya kwanza lilikuwa deraya angavu. Katika Umoja wa Kisovyeti, Khachik Bagdasarov alitumia chungu bapa chenye umbo la mtumbwi, kikasukumwa taratibu kupita sehemu yenye joto, na kilichoganda humo kilitoka tayari kikiwa bapa.

Njia hizi zote zina subira ya ajabu. Bonge kubwa huchukua wiki mbili au zaidi, na sehemu nzuri ya muda huo si kukua bali kupoa. Yakuti hutanuka na kusinyaa kwa kiasi tofauti katika mielekeo yake, hivyo ukiipoza kwa pupa, pande zake zinavutana na bonge linapasuka lenyewe. Umeme ukiyumba siku ya tisa, siku tisa zimekwenda.

Na kuna viputo. Alumina inapoganda hupungua ujazo kwa karibu moja ya tano, na gesi iliyokuwa imeyeyuka ndani yake inatafuta pa kwenda. Sehemu ya mgando ikisonga kasi kidogo kuliko inavyopaswa, gesi inanaswa. Vinabaki viputo vidogo ambavyo havitatoka milele.

Ukubwa nao una adhabu yake, kwani joto la katikati ya bonge nene lina safari ndefu ya kutoka. Mwezi Novemba 2013 kampuni ya Apple ilikubaliana na GT Advanced Technologies ioteshewe yakuti huko Mesa, Arizona, kwa malipo ya awali ya dola milioni 578. Mpango ulikuwa mabonge ya kilo 262 kutoka tanuru zaidi ya 2,000. Oktoba 2014 GT iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mikataba na fedha vilikuwa na sehemu yake katika kisa hicho, lakini mabonge ya ukubwa ule yenye ubora wa kutosha hayakutoka kwa kasi iliyohitajika. Yakuti haikujali ratiba ya mtu.

Kuivuta ikiwa bamba tayari

Tuseme bonge limetoka salama. Sasa una kitu kama pipa, na unataka bamba. Kila bamba litakatwa kwa msumeno wa waya wenye chembe za almasi, na upana wa bamba hauwezi kuzidi kipenyo cha bonge. Kingine chote ni vumbi na vipande vya pembeni.

Katika miaka ya 1960 Harold LaBelle, katika kampuni ya Tyco huko Massachusetts, alipata wazo lililokwepa pipa kabisa. Mwanzoni alitaka nyuzi nyembamba za yakuti za kuimarishia vyuma. Mvumbuzi Mrusi Alexander Stepanov alikuwa tayari ameonyesha miongo kadhaa nyuma kwamba metali iliyoyeyuka inaweza kupewa umbo kabla haijaganda. LaBelle alisimamisha ndani ya kiowevu kipande cha molibdeni chenye ufa mwembamba sana wa kusimama wima. Kiowevu kikaupanda ufa huo chenyewe, kama mafuta yanavyoupanda utambi wa taa, kikatandaa juu ya kipande na kusimama ukingoni.

Ukitazama kupitia kidirisha cheusi cha tanuru wakati wa kuanza, hakuna cha kushangaza mwanzoni: ukingo mwembamba unaong'aa na mbegu inayoteremshwa juu yake polepole. Mbegu inagusa. Kiowevu kinaikamata kwa sehemu isiyozidi upana wa kalamu. Mtambo unaanza kuinua, kwa mwendo ambao jicho haliuoni, na huku ukivuta, sehemu iliyokamatwa inatambaa kulia na kushoto juu ya ukingo mpaka imeujaza wote. Kuanzia hapo kinachopanda ni bamba. Unene wake umeamuliwa na unene wa ukingo wa molibdeni, upana wake na urefu wa ukingo huo. Mwendo ni kama sentimita 2.5 kwa saa. Bamba la nusu mita linahitaji karibu siku moja, si wiki mbili, na chungu kimoja kinaweza kuinua mabamba kadhaa bega kwa bega.

Kwa njia hii yametoka mabamba yenye upana wa sentimita 30 na urefu wa 50. Kwa deraya, hiyo ni nusu ya ushindi. Lakini hakuna cha bure: viputo vya njia hii hupenda kujikusanya karibu na uso wa bamba, kwa hiyo uso lazima uondolewe, na mwelekeo wa fuwele ambao hukubali kuvutwa kirahisi si ule ambao wataalamu wa lenzi wanautaka. Wao hupenda nuru ipite sambamba na mhimili mkuu wa fuwele, kwa sababu huko peke yake yakuti haiugawi mwali kuwa miwili. Ndiyo maana soko limegawanyika lenyewe: deraya hupokea mabamba ya kuvutwa, na dirisha la kamera nyeti mara nyingi bado hukatwa kutoka kwenye bonge.

Karakana ambayo haipigwi picha

Wanaoandika kuhusu yakuti husifia tanuru, nadhani kwa sababu moto unapendeza kwenye picha. Pesa nyingi huishia kwingine, kwenye karakana ya kusugua. Kitu kilichoshinda kiini cha risasi hakitakubali msasa. Chenye kukiweza ni almasi, na almasi inaacha mikwaruzo na nyufa ndogo chini ya uso. Nyufa hizo lazima zifuatwe kwa chembe ndogo zaidi, halafu ndogo zaidi tena, kwa sababu nguvu ya bamba la yakuti haiamuliwi na yakuti yenyewe bali na ufa mbaya kuliko yote uliobaki juu yake. Mabamba mawili ya fuwele ile ile, moja limesuguliwa vizuri na jingine kwa haraka, yanaweza kutofautiana nguvu kabisa.

Hatua ya mwisho inanifurahisha kila nikiifikiria. Baada ya almasi kufika mwisho wake, bamba hung'arishwa kwa silika iliyochanganywa na maji yenye alkali. Silika ni laini kuliko yakuti, haiwezi kuikwaruza. Lakini inaungana kikemia na ngozi ya juu kabisa ya yakuti, ikaigeuza kitu laini, na kitambaa kinachozunguka kinakiondoa. Uso unaondoka tabaka baada ya tabaka jembamba, bila mkwaruzo. Kwa deraya, kuona vizuri kunatosha. Kwa dirisha la kifaa cha kulengea, unyoofu hupimwa kwa sehemu ya urefu wa wimbi la leza, yaani sehemu ya nanometa 633. Kisha hupakwa tabaka la kupunguza mng'ao, kwa sababu yakuti tupu hurudisha karibu asilimia 14 ya nuru katika nyuso zake mbili.

Bamba moja likiwa halitoshi, huunganishwa na jirani yake ukingo kwa ukingo. Na katika deraya bado lazima ligandishwe juu ya glasi na polikaboneti, ambayo jua likiwaka hutanuka karibu mara kumi zaidi ya yakuti. Gundi ya katikati ikiwa ngumu, matabaka yatabanduka. Ikiwa laini mno, risasi inapopiga, bamba la mbele linakosa kitu cha kuegemea.

Kwa sababu ya gharama hizi, yakuti ina washindani wawili wa kweli: oksinitridi ya alumini, na spineli yenye magnesiamu. Fuwele zao hupinda nuru sawasawa kila upande, kwa hiyo punje nyingi zilizoshikana hazileti umaziwa. Zinashindiliwa zikiwa unga, zinachomwa, hata kwa umbo la kupinda. Ni laini kidogo kuliko yakuti, na nazo zinasuguliwa kwa almasi. Faida yao ni kuyakwepa masharti ya fuwele moja, si kukwepa karakana.

Kabla bamba halijatoka kiwandani, linapelekwa chumba chenye giza na kusimamishwa kati ya vichujio viwili vya nuru vilivyopishana. Bamba lililopoa vizuri linaonekana tulivu. Lenye mkazo linaonyesha mawimbi ya rangi. Mkaguzi anapitisha taa ubavuni, viputo vinang'aa kama vumbi kwenye mwali wa jua, naye anavizungushia kalamu kimoja kimoja. Kikiwa pembeni, kitaishia chini ya fremu na hakuna atakayekiona. Kikiwa katikati, anapiga mstari juu yake kwa rula, na dirisha moja kubwa linarudi kwenye msumeno kuwa mabamba mawili madogo.